Ajuza Hakuwa Akivuma

"Nyamaza," Sajini alisema. "Nasikiliza."

"Unasikiliza nini, afande?" mwenye lori aliuliza kutoka kiti cha abiria. " Gari zee lazima lilie. Hata wewe ukizeeka, magoti yatalia."

Sajini alishika usukani kwa mikono miwili, akaongeza mwendo kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala, na ule mvumo ukaja tena. Ulianza chini ya sakafu, ukapanda miguuni, ukafika kwenye meno. Kioo cha pembeni kilitetemeka hata magari ya nyuma yakaonekana mawili mawili. Alipopunguza mwendo, mvumo ukazama. Alipoongeza, ukarudi pale pale.

Lori hilo wenye kulijua waliliita Ajuza, na mwenye lori, kama madereva wanavyowaita wenye magari yao, aliitwa Tajiri. Wiki iliyopita Ajuza aliteremka peke yake kwenye mteremko wa ghala la saruji, hana mtu ndani, akambana mlinzi ukutani wakati mlinzi ameinama akifunga kamba za viatu. Mlinzi hakuinuka tena. Dereva aliapa kwamba alivuta breki ya mkono, akaacha gari kwenye gia ya kwanza, ndipo akashuka kupeleka karatasi za mzigo dirishani. Kesho yake mkaguzi wa magari akampandisha Ajuza mlimani, akavuta breki ile ile, ikashika sawasawa. Hapo dereva akawa mwongo, na mwongo akawa muuaji. Alasiri ya leo angefikishwa mahakamani.

Na dereva mwenyewe, kwa kejeli ya dunia, alikuwa yule waliyembandika jina la Taratibu, kwa sababu baiskeli zilikuwa zikimpita. Alikuwa pia shemeji yake Tajiri, kaka wa kuzaliwa wa mkewe. Mtu angedhani hilo lingemsaidia.

"Hiyo ni difu," Tajiri alisema. "Kila mtu anajua ni difu. Na difu haihusiani na breki. Sasa tunazunguka kufanya nini?"

Sajini alimtupia jicho. Hakuna aliyemuuliza habari za difu, lile boksi la meno linalogeuza magurudumu ya nyuma. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kumwangalia mara mbili mtu anayeleta jibu kabla ya swali.

Akasimama kando ya barabara, akatoa gia, akakanyaga mafuta hadi injini ikapiga kelele. Mvumo haukuja. Akaminya klachi, akaachia, akaminya tena. Kimya. Basi si injini, si klachi. Akaondoka, akashika mwendo, kisha akatoa gia na kuliacha lori litambae lenyewe. Injini ilinong'ona tu, lakini mvumo ulibaki palepale, haukujali injini imelala au imeamka. Basi kilichokuwa kikilia kilikuwa nyuma ya giaboksi, kinachozunguka na magurudumu.

Akayumbisha usukani kushoto, akauyumbisha kulia. Beringi ya gurudumu ikiwa mbovu, mzigo ukiielemea italia zaidi, ukiiondokea itanyamaza. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa Tajiri aliyegonga bega mlangoni na kutukana kwa sauti ya chini.

"Difu," alirudia, akijisugua.

"Difu hulia ukikanyaga mafuta, ukiachia hubadili sauti. Sikia." Alikanyaga, akaachia. Mvumo haukubadilika. "Umesikia tofauti?"

"Mimi si fundi."

"Ulikuwa fundi miaka kumi kabla hujanunua gari. Umesema mwenyewe kwenye maelezo yako, tena kwa majivuno. Usinichezee."

Simu yake ililia. Alikuwa Mkuu wa kituo. Hakusalimia.

"Sajini, jalada liko wapi?"

"Nalifanyia kazi, afande."

"Kazi gani? Breki ilijaribiwa, ikashika. Dereva mzembe, mtu amekufa. Nataka jalada mezani kwangu kabla ya saa sita."

"Na kama dereva alivuta hiyo breki?"

"Basi lori lingesimama!" Simu ikakatwa.

Sajini aliirudisha mfukoni taratibu, kwa sababu angefanya haraka angeitupa dirishani. Kilichomuuma si ukali wa Mkuu. Kilichomuuma ni kwamba siku ile askari wa zamu walipiga picha za damu na za ukuta, lakini hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia chini ya lori. Walikuta Tajiri ameshafika, maana uwanja wake wa magari haukuwa mbali, naye akawaomba kwa upole amvute Ajuza hadi kwake ili njia ya ghala ifunguke. Wakamruhusu. Wakamshukuru, hata. Gari lililoua mtu lililala nyumbani kwa mwenye gari, halafu kesho yake ndipo akaitwa mkaguzi. Kila alipolikumbuka hilo damu ilimchemka upya.

Akageuza lori, wakarudi uwanjani.

Fundi wa Ajuza, aliyeitwa na Sajini, alikuwa getini, amekunja mikono kifuani. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, na alimtazama Tajiri kana kwamba angeweza kumtafuna bila maji.

"Huyo ndiye wa kumuuliza," Tajiri alisema hata kabla hawajashuka. "Alikimbia kazi siku moja tu baada ya ajali. Mtu msafi hakimbii."

"Nimekimbia?" Fundi alipaza sauti. "Nimekimbia mimi? Si ulinifukuza kwa simu? Ukaniambia nisikanyage hapa, vifaa vyangu utanitumia? Viko wapi vifaa vyangu?"

"Umesikia anavyobwata, afande?"

"Nimewasikia wote wawili," Sajini alisema. "Fundi, lete jeki. Na chuma kirefu, chochote. Tajiri, kaa pale nikuone."

Waliinua ekseli ya nyuma, wakaweka magogo chini yake, magurudumu yakaning'inia hewani. Sajini akaingia chini ya lori kwa mgongo, juu ya kipande cha katoni, kama alivyokuwa akifanya utotoni kwenye gereji ya baba yake hadi mama yake akakata tamaa ya nguo zake. Fundi akapanda juu, akaweka gia, magurudumu yakaanza kuzunguka. Sajini akaegemeza ncha ya chuma kwenye difu na ncha nyingine mfupani nyuma ya sikio.

Difu ilikuwa ikisaga laini, sauti ya meno mazima yenye mafuta ya kutosha. Hakuna mvumo.

Akakiondoa chuma, akageuza macho kwenye propela, ule mhimili mrefu unaotoka giaboksi kwenda difu. Haukuhitaji chuma wala sikio. Ulikuwa ukizunguka huku ukirukaruka, na lori zima lilitikisika juu ya magogo.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima, tia breki, shuka, njoo huku chini."

Fundi akajilaza kando yake. Walikuwa wawili chini ya chuma cha moto, na jasho la kila mmoja lilikuwa la hasira yake mwenyewe.

"Ziangalie bolti hizi," Sajini alisema. Kule nyuma, propela inapokutana na difu, kulikuwa na bolti za kung'aa, mpya kabisa, katikati ya kutu na udongo wa miaka. "Nani alizifunga?"

"Sizijui."

"Tajiri!" Sajini aliita bila kutoka. "Bolti mpya za propela. Nani alizifunga?"

Miguu ya Tajiri ikasogea karibu na gurudumu. "Si huyo hapo? Alizibadilisha siku moja kabla ya ajali. Dereva alilalamika kuna kitu kinagonga, nikamwambia Fundi atazame. Mimi nilijua amefanya kazi safi."

Fundi alijaribu kukaa, akagonga kichwa kwenye fremu, akalala tena. "Mwongo! Afande, huyo ni mwongo. Taratibu alilalamika kweli, na mimi nilimwambia huyu, bolti za nyuma zimechakaa, matundu yamepanuka, gari lisitoke. Akanijibu, 'Ajuza abebe kwanza, tutamtibu Jumapili.' Nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Akacheka!"

"Neno lake na langu," Tajiri alisema kule juu. "Yeye ndiye mwenye spana."

Hilo lilikuwa kweli, na Sajini alilipima. Fundi alikuwa na spana, alikuwa na ujuzi, alikuwa ametoweka. Kama alifunga bolti kabla ya ajali na kufunga vibaya, alikuwa na kila sababu ya kukana. Sajini alimwamini, lakini kumwamini mtu si ushahidi.

"Fundi, tulia. Kwa nini propela inarukaruka?"

Fundi alishusha pumzi, akanyoosha kidole. Propela ya Ajuza ilikuwa na sehemu mbili, moja ikichomekwa ndani ya nyingine kwa meno marefu ili iweze kurefuka na kufupika njiani. Kila mwisho una masikio mawili yanayoshika krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba. Masikio ya mbele na ya nyuma yanatakiwa kulala mstari mmoja. Haya hayakuwa mstari mmoja, yalikuwa yamepishana.

"Aliyeichomeka amekosea meno," alisema. "Ikizunguka hivi inachechemea. Kwenye mwendo itavuma mpaka utapike. Afande, mimi nifunge propela hivi? Afadhali unikate mkono!"

"Kila fundi husema hivyo akishakosea."

"Nipe kitambaa. Nipe na dizeli kidogo!"

Alilowesha kitambaa, akasugua grisi kwenye chuma cha propela mahali sehemu mbili zinapokutana. Akasugua tena. Chini ya uchafu likaonekana doa dogo jekundu, linang'aa, jekundu la harusini. Akazungusha propela kwa mkono, akasugua upande mwingine wa kiungo. Doa la pili lilitokea, mbali kabisa na la kwanza.

"Nini hiyo?"

"Rangi ya kucha ya mke wangu," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua ukali. "Naiba chupa zake, ananinunia. Chokaa inafutika, msumari unakwaruza, lakini hii haitoki. Sifungui propela kabla sijaitia doa huku na huku, ili nikirudisha doa litazame doa. Hizi nilizitia nilipobadilisha krosi, mwaka jana. Aliyeirudisha hakujua kama kuna alama. Zilikuwa ndani ya grisi."

Sajini aliyatazama yale madoa mawili yaliyopeana mgongo. Mtu mwenye kuacha alama asingezipita alama zake mwenyewe. Lakini wakili yeyote angesimama na kusema alikuwa na haraka, alikuwa mgonjwa, alipitiwa. Bado kulikuwa na swali moja, na swali hilo halikuwa la nani. Lilikuwa la lini.

Alitoka chini ya lori, akajipangusa mikono kwenye suruali. Kwenye mlango wa ofisi alikuwa amesimama mke wa Tajiri, dada yake Taratibu. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika safari, akipokea simu na kufungua geti. Tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya salamu.

"Dada, samahani," Sajini alimwita. "Wewe ndiye unayefungua geti magari yakitoka?"

"Ndiyo mimi."

"Usimuulize mke wangu," Tajiri alidakia. "Ana msiba. Kaka yake kaua mtu."

"Kaua, ndiyo," mwanamke alisema, na uso wake ukawa mgumu. "Sina haja ya kufichiwa. Yule mlinzi tulikuwa tukisalimiana kila siku. Kama kaka yangu alishindwa kuvuta kipande cha chuma, basi na ajibu kwa Mungu na kwa serikali. Uliza, afande."

"Asubuhi ya ajali, Ajuza alipotoka hapa, alikuwa akilia vipi?"

"Kulia?"

"Sauti yake. Ulizoea sauti yake."

Mwanamke alifikiri. "Alikuwa anagonga. Akianza kuondoka, ko! Mara moja, halafu basi. Nilikuwa nikisikia ile ko nikiwa ofisini, najua ni Ajuza, natoka kufungua geti."

"Baada ya hapo? Akishapata mwendo barabarani?"

"Kimya. Kama gari lolote."

"Hakuwa akivuma?"

"Ajuza hakuwa akivuma," alisema bila kusita. "Mvumo huo nimeusikia leo ulipotoka naye. Nikajiuliza ana nini tena."

"Baba watoto wako anasema propela ilifungwa upya siku moja kabla ya ajali."

"Hapana. Siku hiyo Ajuza hakufunguliwa kitu, aliingia jioni, akatoka alfajiri na ko yake ile ile."

"Mama watoto," Tajiri alisema, "ingia ndani."

Sajini alisimama katikati yao. Hasira yake yote, ya Mkuu, ya askari wa zamu, ya yule mkaguzi aliyejaribu breki bila kupinda mgongo, sasa ilikuwa imepata pa kwenda. Akaizuia sauti yake isipande.

"Tajiri, nisikilize, nawe unisahihishe, wewe fundi wa miaka kumi. Breki ya mkono ya lori hili haishiki magurudumu, kama ya magari ya siku hizi. Inashika ngoma ya chuma iliyo nyuma ya giaboksi. Kinachounganisha ngoma hiyo na magurudumu ni propela peke yake. Ndivyo au sivyo?"

Tajiri alijifuta jasho.

"Ndivyo," Fundi alisema kwa niaba yake.

"Lori limebeba saruji, limesimama mteremkoni. Uzito wote umening'inia kwenye propela, na propela imening'inia kwenye bolti ulizoambiwa zimechakaa. Zikakatika. Propela ikaanguka. Breki ikabaki imeshika ngoma isiyokuwa na kazi, gia ikabaki imeshika hewa, na Ajuza akaondoka. Dereva angevuta breki mpaka mkono ung'oke, lori lisingesimama."

Mke wa Tajiri alikuwa bado mlangoni. Hakuwa ameingia ndani.

"Subiri, afande," alisema. "Unasema alivuta?"

"Alivuta. Na gia aliweka, kama alivyosema tangu siku ya kwanza."

"Na hiyo propela ilikuwa imeanguka?"

"Kabla polisi hawajafika mtu aliiondoa pale chini. Gari likavutwa hadi hapa. Kabla mkaguzi hajaja, mtu akairudisha kwa bolti mpya, kwa haraka, akakosea meno. Ndiyo maana breki ikashika. Ndiyo maana leo Ajuza anavuma."

"Maneno matupu," Tajiri alisema. "Nani kaona? Lete shahidi aliyeona. Rangi ya kucha! Utampeleka hakimu rangi ya kucha?"

Mwanamke alishuka ngazi ya ofisi. Alitembea moja kwa moja hadi mbele ya mumewe, akasimama karibu naye sana.

"Ile jioni ya ajali," alisema. "Ule mchi wa chuma mrefu ulioushusha kwenye pikapu, umeufunika turubai."

"Mama watoto."

"Ukanitoa jikoni. Ukaniambia njoo unimulikie. Nikalala pale chini na wewe, na gauni langu, nakushikia tochi. Mkono ukaniuma nikabadilisha mkono, ukanifokea nisitikise. Nikakuuliza tunafanya nini, wewe ukasema tunamtengenezea kaka yangu gari, wakaguzi wasije wakamwonea. Nikakwambia ahsante. Umesikia? Nilikwambia ahsante!"

"Nyamaza! Hujui unachosema."

"Nimemlaani kaka yangu wiki nzima! Mama amenipigia simu analia, nikamwambia mwanao mzembe, mwache afungwe! Na wewe umekaa kando yangu unanisikia. Unanipa maji ninywe nipoe!"

Tajiri alimgeukia Sajini, akaona hakuna msaada, akamgeukia Fundi, akaona ni vibaya zaidi. Akarudi kwa mkewe, na safari hii aliongea kwa upole, ule upole aliowaomba nao askari.

"Fikiri kidogo. Ukisema hayo kwa watu, gari hili halitatembea tena, na mimi nitaingia ndani. Watoto watabaki na nani?"

"Watoto wangu wana mjomba," mwanamke alisema. "Umemfunga wewe."

Akamgeukia Sajini. Macho yake yalikuwa makavu.

"Tuondoke, afande. Mpaka mahakamani ni mbali, na kaka yangu atasomewa shitaka alasiri hii. Nitasema mbele yake."